Kutoka Mwanza hadi Montréal: Mwaka wa watafiti wa magonjwa ya zinaa

JULAI 2025 ulikuwa mwezi wa mikutano kwa watafiti wa maradhi yanayoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Kuanzia tarehe 13 hadi 17, wanaoshughulikia virusi vya Ukimwi (VVU) walikutana Kigali, Rwanda. Siku chache baadaye, tarehe 26, wenzao wa kisonono, kaswende, klamidia na magonjwa mengine ya zinaa walianza mkutano wao Montréal, Canada.

Mwenye kupita nje ya ukumbi huona watu waliovaa vitambulisho shingoni wakiingia na kutoka na mikoba. Ni rahisi kudhani kwamba ni safari na posho tu. Lakini Julai 14, mkutano wa Kigali ukiendelea, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo unaopendekeza lenacapavir, sindano ya kukinga maambukizi ya VVU inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Nyuma ya mwongozo huo kulikuwa na maelfu ya wasichana wa Afrika Kusini na Uganda waliokubali kushiriki katika majaribio, na ushahidi wao ulikuwa umeshapita mikononi mwa watafiti wengine waliotafuta kasoro zake.

Kazi hiyo ya kuchuja ushahidi ndiyo hasa inayofanywa na vyama vya kitaaluma vya watafiti, mwaka baada ya mwaka. Wananchi wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuifuatilia, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi unaojadiliwa kwenye kumbi hizo umetoka Mwanza, Rakai, Kisumu, Nairobi na Kigali.

Vyama vyenyewe

Kikongwe kuliko vyote ni Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Magonjwa ya Zinaa, unaojulikana kwa kifupi IUSTI. Ulianzishwa Paris, Ufaransa, mwaka 1923, miaka ambayo penisilini haikuwapo na kaswende ilijaza wodi za hospitali za Ulaya. Umegawanyika katika kanda, na Afrika ni mojawapo.

Pamoja nao kuna Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Magonjwa ya Zinaa (ISSTDR). Chama hiki hufanya mkutano wake kila baada ya miaka miwili, na siku hizi kinashirikiana na IUSTI kuuandaa. Vancouver ilikuwa mwenyeji mwaka 2019, Chicago mwaka 2023 na Montréal mwaka 2025. Katika miaka ya katikati IUSTI hufanya mkutano wake wa dunia. Mwaka 2022 ulifika Victoria Falls, Zimbabwe, na mwaka 2024 ukawa Sydney, Australia.

Kwa upande wa VVU, chama kikubwa ni Chama cha Kimataifa cha Ukimwi (IAS), kilichoanzishwa mwaka 1988 na chenye makao Geneva, Uswisi. Miaka inayogawanyika kwa mbili huandaa mkutano mkubwa wa Ukimwi unaokusanya wanasayansi, wanasiasa na watu wanaoishi na VVU. Miaka mingine huandaa mkutano wa sayansi, na huo ndio uliokuja Kigali.

Bara la Afrika nalo lina jukwaa lake, mkutano wa ICASA. Ukanda huu umeupokea mara kadhaa: Arusha mwaka 1988, Kampala mwaka 1995, Nairobi mwaka 2003 na Kigali mwaka 2019.

Kalenda ya mwaka

Siku nne au tano za mkutano ni sehemu ndogo ya kazi. Miezi mingi kabla ya hapo, chama hutangaza kwamba milango iko wazi kwa mihtasari ya tafiti. Muhtasari ni ukurasa mmoja au chini ya hapo. Mtafiti anaeleza swali alilouliza, jinsi alivyolitafutia jibu, alichokipata na maana yake. Hakuna nafasi ya maneno ya kupamba.

Mihtasari hiyo hugawiwa kwa wasomaji waliobobea. Katika mikutano ya IAS husomwa bila majina ya waandishi, ili profesa wa chuo maarufu na daktari kijana wa hospitali ya wilaya wapimwe kwa mizani moja. Kila msomaji hutoa alama. Iliyo bora zaidi husomwa jukwaani, inayofuata huonyeshwa kwenye mabango, na mingine hurudishwa.

Wakati huohuo huendelea kazi ya pili, nayo ni kutafuta fedha za kuwaleta wasio na uwezo. Nauli, hoteli na ada ya kujiandikisha vinaweza kuzidi mshahara wa miezi kadhaa wa mtafiti mchanga wa ukanda huu. Vyama hutenga ufadhili, na vijana, wanawake na wanaotoka nchi za kipato cha chini hupewa kipaumbele. IAS huwa pia na mpango wa kuwaunganisha waandishi wapya na watafiti wazoefu, ambao husoma rasimu ya muhtasari kabla haijatumwa.

Siku za mkutano zinapofika, asubuhi huwa ni za hotuba kubwa na mchana ni wa vikao vidogo. Wazoefu husema mengi hutokea mbele ya mabango. Hapo mtu husimama karibu na karatasi yake, na yeyote anayepita anaweza kumuuliza amezipataje takwimu zile, kwa nini washiriki kadhaa hawakurudi kliniki, na kama vipimo alivyotumia vinaaminika.

Mkutano ukiisha, zinabaki kazi zisizopigwa picha. Majarida ya kitaaluma hupokea makala kamili na kuyapeleka kwa wahakiki. Wanachama huchagua viongozi wapya. Kozi hufanyika kwa wauguzi na mafundi wa maabara. Kamati huketi kutazama iwapo matokeo mapya yanadai kubadilisha mwongozo wa tiba. Kisha milango ya mihtasari hufunguliwa upya.

Pale Mwanza na Rakai zilipopingana

Umuhimu wa mzunguko huo unaonekana vizuri katika historia ya majaribio mawili yaliyofanyika pande mbili za Ziwa Victoria.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, shirika la AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London walichagua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza na kuzigawa katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja ilipata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa: wahudumu wa vituo vya afya walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa haziishi, na wananchi walielimishwa kuhusu umuhimu wa kuwahi kituoni. Jamii ya pili iliendelea na huduma ya kawaida, ikisubiri zamu yake.

Baada ya miaka miwili, asilimia 1.2 ya watu wazima waliofuatiliwa katika jamii zilizoboreshewa huduma walikuwa wameambukizwa VVU. Katika jamii nyingine ilikuwa asilimia 1.9. Maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Matokeo hayo yalipochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, yalizunguka dunia nzima. Kidonda au usaha sehemu za siri huupa VVU njia rahisi ya kupita, na hapa palikuwa na ushahidi kwamba kuvitibu kwa dawa za bei nafuu kunapunguza janga.

Miaka minne baadaye likaja jibu kutoka Rakai, Uganda. Huko watafiti walikwenda mbali zaidi. Hawakungoja mgonjwa aje kituoni. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 na kuwapa watu wazima dawa za magonjwa ya zinaa, wawe na dalili au wasiwe nazo. Baadhi ya magonjwa, kaswende ikiwemo, yalipungua. VVU havikupungua. Kiwango cha maambukizi mapya kilikuwa kilekile, 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, waliopewa dawa na wasiopewa. Mwaka 2003 jaribio la tatu, la Masaka, Uganda, nalo halikuonyesha upungufu.

Wizara za afya zilijikuta njia panda. Je, fedha ziendelee kuelekezwa kwenye kliniki za magonjwa ya zinaa kama sehemu ya vita dhidi ya Ukimwi, au zipelekwe kwingine? Kosa la upande wowote lingelipwa na wagonjwa.

Watafiti hawakuishia kupigia kura upande mmoja. Katika mikutano na katika majarida, timu hizo zilihojiana kwa miaka, na hatimaye takwimu za Mwanza, Rakai na Masaka ziliunganishwa na kuchambuliwa pamoja. Maelezo yaliyopata nguvu yalikuwa haya: sehemu hizo hazikuwa katika hatua moja ya janga. Mwanza ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na maambukizi machache ya VVU na magonjwa mengi ya zinaa yanayotibika, hivyo kuyatibu kuliziba njia kubwa. Uganda janga lilikuwa limeshakomaa. Watu wengi walikuwa wamebadili mienendo, magonjwa yanayotibika yalikuwa machache, na vidonda vingi vilitokana na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, ambavyo dawa zilizotolewa hazikuvigusa. Zaidi ya hapo, Mwanza mgonjwa alitibiwa siku yoyote aliyojisikia vibaya, wakati Rakai dawa zilikuja kwa msimu, na katikati ya misimu mtu aliweza kuambukizwa tena.

Kwa hiyo jaribio la Mwanza halikudanganya, wala la Rakai. Kila moja lilikuwa limejibu swali la mahali pake na wakati wake. Lau yangesomwa moja moja, serikali ingechagua lililoipendeza.

Mwenda bure si mkaa bure

Kama malengelenge ndiyo yaliyobaki, je, kuyadhibiti kungezuia VVU? Swali hilo lilizaa tafiti nyingine. Moja ilifanywa kaskazini-magharibi mwa Tanzania kwa wanawake waliopewa vidonge vya aciclovir kila siku. Nyingine ilihusisha wenzi 3,408 ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Matokeo yalitoka mwaka 2008 na 2010. Majibu yote mawili yalikuwa hapana: aciclovir haikupunguza maambukizi ya VVU.

Katika biashara, hiyo ingeitwa hasara. Katika utafiti, jibu la hapana huokoa fedha na muda wa nchi ambazo zingeweza kununua dawa hiyo kwa mamilioni ya watu. Tena kliniki zilizojengwa kwa ajili ya utafiti wa wenzi hazikufungwa. Baadhi yake, nchini Kenya na Uganda, ziliendelea na utafiti mwingine wa wenzi 4,747, safari hii zikijaribu kumkinga asiye na VVU kwa kumpa dawa za kupunguza makali ya virusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kidonge cha tenofovir kilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na kikichanganywa na emtricitabine kilipunguza kwa asilimia 75. Huo ni miongoni mwa ushahidi ulioiingiza kinga ya vidonge, inayofahamika kama PrEP, katika vituo vya afya vya ukanda huu.

Hadithi hiyo imejirudia hivi karibuni. Huko San Francisco na Seattle, Marekani, utafiti ulionyesha kwamba wanaume wanaofanya ngono na wanaume, wakimeza doxycycline ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, hupunguza kwa kiasi kikubwa kaswende, klamidia na kisonono. Je, wanawake nao wangefaidika? Swali hilo liliulizwa Kisumu, Kenya, kwa wanawake 449 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia PrEP.

Februari 2023 jibu lililetwa mbele ya wanasayansi mjini Seattle. Kulikuwa na maambukizi 50 upande wa waliopewa dawa na 59 upande wa pili, tofauti ndogo isiyoweza kuhesabiwa kuwa kinga. Wengi waliposikia hivyo wangefunga faili. Watafiti walichukua nywele za baadhi ya washiriki na kuzipima, kwa kuwa doxycycline huacha alama ndani ya unywele. Kati ya sampuli 200 za waliopewa dawa, 58 tu, sawa na asilimia 29, ndizo zilizokuwa na dawa.

Swali likabadilika. Dawa haikuwa imeshindwa kazi, kwa kuwa wengi hawakuwa wameimeza, ingawa katika mahojiano walisema wanaimeza. Kwa nini? Mwanamke kijana anaweza kuogopa mwenzi atakayekuta vidonge kwenye mkoba. Anaweza kuchoka kumeza dawa wakati hajisikii mgonjwa. Anaweza pia kumjibu mhudumu kwa namna ya kumridhisha. Maabara peke yake haiwezi kulimaliza suala kama hilo. Linahitaji wataalamu wa jamii, na zaidi ya yote linahitaji wanawake wenyewe wasikilizwe bila kulaumiwa.

Yaliyofanikiwa

Lenacapavir imekuja kama jibu la tatizo hilohilo la vidonge. Jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda liliwahusisha zaidi ya wasichana na wanawake 5,300 wa umri wa miaka 16 hadi 25. Miongoni mwa 2,134 waliochomwa sindano kila baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Miongoni mwa 1,068 waliopewa vidonge vilivyozoeleka, 16 waliambukizwa. Takwimu hizo ziliposomwa katika mkutano wa IAS mjini Munich, Ujerumani, Julai 2024, ukumbi ulisimama kupiga makofi. Mwaka mmoja baadaye, Kigali, zikawa mwongozo wa dunia.

Chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, imepita njia hiyo pia. Rwanda ilitangulia barani Afrika kwa kuanza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, wakati huo kwa dozi tatu. Gharama na usumbufu wa kumfuata msichana mara tatu viliifanya nchi nyingi isite. Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu (KEMRI) na washirika wake waliwachanja wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika Kisumu, Thika na Nairobi. Mwaka 2022 walichapisha matokeo kwamba dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo. Jijini Mwanza, utafiti mwingine wa wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 ulionyesha kwamba dozi moja huamsha kinga mwilini. Desemba 2022 WHO ilikubali kwamba dozi moja inaweza kutumika, na mwaka 2024 Tanzania iliingia katika utaratibu huo. Kwa dawa ileile iliyokuwa ikimtosha msichana mmoja, sasa watachanjwa watatu.

Jina lililofutwa kwenye tuzo

Vyama hivi pia hutoa tuzo kila mwaka, na hata hapo kuna funzo. Chama cha Magonjwa ya Zinaa cha Marekani (ASTDA) kwa miaka mingi kilimpa mtafiti aliyebobea tuzo iliyobeba jina la Thomas Parran, mkuu wa tiba wa serikali ya nchi hiyo kuanzia mwaka 1936 hadi 1948. Parran alisifiwa kwa kuvunja ukimya kuhusu kaswende. Lakini ni katika zama zake kwamba utafiti wa Tuskegee, Alabama, uliendelea. Huko, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu bila kutibiwa, hata penisilini ilipopatikana. Na ni katika zama zake pia kwamba wafungwa, askari na wagonjwa wa akili nchini Guatemala waliambukizwa magonjwa ya zinaa kwa makusudi, mwaka 1946 hadi 1948.

Habari za Guatemala zilipofichuka, Marekani iliomba radhi mwaka 2010. Wanachama wa ASTDA wakajadiliana, na mwaka 2013 tuzo ikabadilishwa jina. Haikuwa adhabu kwa marehemu. Ilikuwa ni kuwaambia watafiti vijana kwamba sifa ya kisayansi haifuti wajibu kwa anayetoa damu yake.

Wajibu huo unagusa ukanda huu moja kwa moja. Tangu miaka ya 1980, wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, wamekuwa wakitoa sampuli kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Canada. Wachache wao waligundulika kuwa hawaambukizwi VVU licha ya kukutana navyo mara nyingi, na miili yao imewafundisha mengi wanasayansi wanaotafuta chanjo. Chanjo yenyewe haijapatikana. Ndiyo maana siku hizi kamati za maadili huuliza kabla ya utafiti kuanza: washiriki watarudishiwa nini, na nani atawaeleza matokeo kwa lugha wanayoielewa?

Nani anapata kiti

Kikwazo kikubwa kinabaki mlangoni. Mwaka 2022, mkutano wa IAS ulipofanyika Montréal, wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza ya Canada au waliipata kwa kuchelewa, wakiwemo waliokuwa wamepangwa kuzungumza. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi cha kutawala ufunguzi. Mkutano wa Kigali wa 2025 ulikuwa na nafuu hiyo: muuguzi wa Goma au Mbarara aliweza kuufikia kwa basi.

Kikwazo cha pili ni fedha. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na baadhi ya tafiti barani Afrika zilikatizwa katikati, washiriki wakiwa tayari wamepewa dawa au vifaa vya majaribio. Ilikuwa ukumbusho mchungu kwamba utafiti unaolipiwa na mfuko wa mtu mmoja husimama siku mtu huyo akifunga mfuko.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Ina Kamisheni yake ya Utafiti wa Afya, yenye makao Bujumbura, Burundi, inayochapisha jarida la kisayansi na kuandaa mikutano ya watafiti wa nchi wanachama. Ina pia Kamisheni ya Kiswahili huko Zanzibar. Zikishirikiana, mtafiti wa Rakai angeweza kusomwa na mhudumu wa Mwanza bila kupitia London, na matokeo yangemfikia mshiriki kwa lugha anayoongea sokoni.

Haja ipo. WHO inakadiria kwamba kila siku duniani watu zaidi ya milioni moja wa umri wa miaka 15 hadi 49 huambukizwa ugonjwa wa zinaa unaotibika. Wengi wao hawana dalili. Katika vituo vingi vya ukanda huu, mhudumu bado hutibu kwa kufuata dalili kama alivyofundishwa tangu enzi za Mwanza, kwa sababu kipimo cha papo hapo cha klamidia au kisonono hana. Mama anayetokwa na uchafu ukeni anaweza kupewa dawa za ugonjwa asiokuwa nao na kurudi nyumbani kwenye ugomvi na mumewe, wakati jirani yake aliyeambukizwa lakini haumwi popote hafiki kituoni kabisa.

Vipimo vya bei nafuu vya kutatua tatizo hilo ni mojawapo ya mada zinazorudi kila mwaka kwenye mihtasari. Milango ya kuipokea itafunguliwa tena msimu ujao, na ukurasa mmoja kutoka kituo cha afya cha mpakani una haki ya kusomwa sawa na mwingine wowote, mradi uwe umeandikwa na kutumwa.